Kodi ya Nyumba Inapofika kwa Dalali: Deni Lililosahaulika Uingereza

Kodi ya halmashauri ni kodi ya mwaka inayotozwa kwa nyumba za kuishi katika England, Wales na Scotland. Hukusanywa na halmashauri ya eneo, na fedha zake hulipia uzoaji wa taka, matunzo ya wazee na watoto, maktaba, taa za barabarani, pamoja na sehemu ya gharama za polisi na zimamoto. Ingawa hupimwa kwa thamani ya nyumba, kwa kawaida anayedaiwa si mmiliki bali mkaaji. Mpangaji wa chumba na sebule ana bili yake kama vile mwenye jumba aliye mtaa wa pili alivyo na yake. Mtu aliyetoka Dar es Salaam au Mombasa, ambako kisheria kodi ya jengo au kiwanja ni shauri la mwenye mali, hudhani kwamba akishalipa pango la mwezi amemaliza. Baadaye hupata barua yenye jina lake, na wakati mwingine barua hiyo haitoki tena halmashauri bali kwenye kampuni ya madalali wa madeni.

Kodi hii ilianza tarehe 1 Aprili 1993, chini ya sheria iliyopitishwa mwaka 1992. Ilichukua nafasi ya kodi ya kichwa ya serikali ya Margaret Thatcher, ambayo ilizusha ghasia kubwa mjini London tarehe 31 Machi 1990 na kuchangia kuanguka kwa waziri mkuu huyo mwezi Novemba mwaka huohuo. Baada ya machungu hayo watunga sheria walirudi kwenye nyumba. Kila nyumba ya England iliwekwa katika daraja moja kati ya 8, kuanzia A hadi H, kwa kukadiria bei ambayo ingeuzwa tarehe 1 Aprili 1991. Daraja A ni la nyumba zisizozidi paundi 40,000 kwa bei za siku ile, na H ni la zile zilizozidi paundi 320,000. England haijarudia makadirio hayo hadi leo, kwa hiyo hata nyumba iliyokamilika juzi hupimwa kwa bei ya 1991. Wales ilifanya tathmini mpya, na madaraja yake mapya yakaanza kutumika 2005. Wa daraja A hulipa theluthi mbili ya anacholipa wa D, na wa H hulipa mara mbili ya D. Mwaka wa fedha 2025–26, wastani wa daraja D nchini England ulikuwa paundi 2,280. Kwa anayelipwa kima cha chini cha mshahara, kiasi hicho kilizidi kipato chake cha mwezi mzima kabla ya makato.

Njia ambazo deni hili husahaulika zinajulikana, na ya kwanza ni kuhama. Halmashauri huandika kwenye anwani ya mwisho inayoijua, na sheria huhesabu barua iliyotumwa huko kuwa imefika. Aliyeondoka bila kutoa taarifa anaweza kuitwa mahakamani, kuamriwa alipe na jina lake kukabidhiwa kwa dalali, naye hajaona karatasi hata moja. Nyingine ni nyumba ya kushirikiana. Watu watatu waliosaini mkataba mmoja wa upangaji ni wadaiwa wa pamoja kwa muda wote walioishi humo, na halmashauri ina haki ya kudai deni zima kwa yeyote kati yao. Wawili wakisharudi Nairobi, aliyebaki hubebeshwa mzigo wote, hata kama alitoa theluthi yake kila mwezi bila kukosa na kumkabidhi mwenzake akalipe. Nyumba ambamo kila mpangaji amekodi chumba chake kwa mkataba wake ni tofauti: huko kwa kawaida bili ni ya mwenye nyumba, na mpangaji anayeandikiwa barua ya deni la nyumba ya namna hiyo ana sababu nzuri ya kulipinga.

Kuna pia wanafunzi. Nyumba ambayo wakaaji wake wote wanasoma chuo kwa muda kamili haitozwi kodi hii, lakini msamaha huo haujileti wenyewe. Lazima uombwe, na uthibitisho wa chuo upelekwe. Mwanafunzi akiishi na mtu mmoja anayefanya kazi, huhesabiwa kana kwamba hayumo, na bili hupungua kwa asilimia 25, kwa sababu sheria humwona mfanyakazi yule kuwa anaishi peke yake. Yapo madeni yanayofika kwa madalali huku mdaiwa hakupaswa kutozwa hata senti, na kosa lake pekee likiwa fomu ambayo hakuijaza.

Jambo la kuelewa kabla ya yote ni kwamba deni hili halikui kwa riba. Hukua kwa hatua. Kila hatua ikivukwa, gharama mpya huongezwa na haki fulani ya mdaiwa hupotea. Ndiyo maana swali la kwanza mbele ya barua yoyote si kiasi kilichoandikwa, bali deni limefika hatua gani.

Katika England na Wales, bili ya mwaka hutoka kabla ya Aprili na kwa kawaida hugawanywa katika awamu 10, ingawa mlipaji ana haki ya kuomba 12. Awamu moja ikikosekana, halmashauri hutuma barua ya kukumbusha inayotoa siku 7. Malipo yasipofika, na siku nyingine 7 zikapita, haki ya kulipa kwa awamu hufutika na salio la mwaka mzima hudaiwa kwa mkupuo. Barua za kukumbusha ni mbili tu kwa mwaka. Mlipaji akichelewa mara ya tatu huletewa ilani ya mwisho. Utaratibu huu ni mkali kupita kiasi. Mtu aliyeshindwa kutoa paundi 200 mwezi Juni hageuki tajiri mwezi Julai hata adaiwe 1,600 kwa pamoja.

Salio lisipolipwa, mdaiwa huletewa samansi ya Mahakama ya Mahakimu, na gharama za kuiandaa huongezwa kwenye deni. Kikao husikiliza mashauri kwa mamia katika asubuhi moja. Hakimu haangalii kama mdaiwa ana uwezo wa kulipa. Anachotazama ni kama kodi ilitozwa ipasavyo, kama mtu huyo ndiye anayewajibika, na kama imelipwa. Hoja ya kukosa fedha haina nafasi pale, na wengi hupanda basi kwenda kuitoa bure. Inayofaa kutolewa ni kwamba mdaiwa hakuishi katika nyumba hiyo kipindi hicho, kwamba alishalipa, kwamba hakupelekewa bili, au kwamba halmashauri imekuja mahakamani zaidi ya miaka 6 tangu kodi ilipostahili kulipwa. Asiye na hoja kama hizo afadhali azungumze na halmashauri kabla ya tarehe ya shauri.

Gharama za samansi nazo zimewahi kupingwa. Mchungaji Paul Nicolson, mtetezi wa maskini wa London, alikataa makusudi kulipa kodi yake katika halmashauri ya Haringey ili aulize swali moja: paundi 125 za gharama zinazobandikwa kwa kila mdaiwa zilihesabiwaje? Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilikubaliana naye kwamba mahakimu hawakuwa na maelezo ya kutosha kuamua kama kiasi hicho kilikuwa cha haki. Tangu hapo mdaiwa anayeuliza mchanganuo wa gharama hizo anasimama juu ya hukumu iliyopo.

Mahakama ikiridhika hutoa amri inayothibitisha deni. Amri hii hubadilisha mambo mawili. Kwanza, ule ukomo wa miaka 6 ulikuwa wa kuiomba. Ikishatolewa, halmashauri yaweza kumpa dalali kazi hata baada ya miaka mingi. Hivyo ndivyo deni la nyumba ya zamani huibuka wakati mtu ameshahama mji, ameoa na amelisahau kabisa. Pili, halmashauri hupata njia kadhaa za kukusanya: kumwagiza mwajiri akate mshahara kwa viwango vilivyowekwa, kukata kwenye ruzuku za serikali, kuweka dhamana juu ya nyumba ya mdaiwa deni likifika paundi 1,000, kuomba atangazwe mufilisi likifika 5,000, au kulikabidhi kwa madalali. Jambo moja la kutia moyo ni kwamba amri hii haiandikwi katika rejista ya hukumu za madeni inayosomwa na benki, kwa hiyo haimharibii mtu sifa ya kukopesheka.

Kati ya njia hizo, kukatwa mshahara mara nyingi humgharimu mdaiwa kidogo zaidi. Makato hufuata kipato, na ada za dalali hazipo. Mwenye ajira ya kudumu anaweza kuiandikia halmashauri mapema, akatoa jina la mwajiri na kuomba njia hiyo. Wanaoona haya mwajiri asijue huchagua kunyamaza, na matokeo yake gari lao hufungwa pingu mbele ya majirani.

Dalali wa madeni wa England na Wales haruhusiwi kufanya kila analotaka. Lazima awe na cheti cha mahakama, kinachodumu miaka 2, na rejista ya wenye vyeti hutazamwa mtandaoni na mtu yeyote. Ada zake ziliwekwa na kanuni za mwaka 2014 kwa ngazi tatu. Faili likipokelewa tu, paundi 75 huongezwa. Akifika mlangoni kwa mara ya kwanza huongezwa paundi 235, pamoja na asilimia 7.5 ya sehemu ya deni inayozidi 1,500. Mali ikipelekwa kuuzwa, 110 nyingine, na asilimia hiyohiyo. Kwa viwango hivyo, aliyekosa awamu ya paundi 200, akajikuta anadaiwa salio la 1,600, kisha gharama za mahakama tuseme 100, atafikia 1,700. Ada ya kwanza ya dalali itampeleka 1,775, na hodi moja mlangoni itampeleka 2,025. Hodi hiyo peke yake inamgharimu paundi 250, zaidi ya awamu aliyoikosa. Muda wa thamani kubwa kuliko wote, basi, ni ule kati ya barua ya dalali na ziara yake. Sheria inataka zipite angalau siku 7 kamili, bila kuhesabu Jumapili na sikukuu. Mapatano yakifikiwa ndani ya siku hizo, ada kubwa haiongezwi.

Akija, aje kati ya saa 12 asubuhi na saa 3 usiku. Kwa deni la kodi ya halmashauri hawezi kuvunja mlango wala kuleta fundi wa kufuli katika ziara ya kwanza, hawezi kupita dirishani, wala kumsukuma mtu ili apite. Haingii ikiwa ndani yumo mtoto wa chini ya miaka 16 peke yake. Hakuna sheria inayomlazimisha mdaiwa kumfungulia. Mazungumzo yanaweza kufanyika kupitia dirisha la juu, kwa simu au kwa maandishi. Hali hubadilika akishaingia kwa amani, kupitia mlango ulioachwa wazi au kwa kukaribishwa. Ataorodhesha vitu na kumpa mdaiwa mkataba wa kusaini, ambao huacha vitu mahali pake kwa ahadi ya malipo ya kila mwezi. Ahadi ikivunjwa baada ya saini hiyo, anaweza kurudi na kuingia kwa nguvu. Ukarimu wa Kiswahili wa kumkaribisha kila anayepiga hodi, akae na anywe chai, hapa una gharama.

Hata akiwa ndani, hachukui kila kitu. Vitanda na matandiko, nguo, jiko, friji, mashine ya kufulia, meza na viti vya kutosha familia, simu moja na vifaa vya matibabu haviguswi. Zana za kazi zenye thamani isiyozidi paundi 1,350 kwa jumla nazo zinalindwa. Vitu vya mwenzake mdaiwa anayeishi naye, au vya mwenye nyumba, si vyake kuchukua, ingawa huenda akataka kuona risiti. Windo lake kubwa ni gari, kwa kuwa liko nje na halihitaji mlango. Mdaiwa mwenye ulemavu, mgonjwa, mjamzito, aliyefiwa karibuni au asiyejua Kiingereza vizuri anaweza kuhesabiwa kuwa mtu wa kushughulikiwa kwa uangalifu, na dalali anapaswa kumpa nafasi ya kupata ushauri kabla ya kuendelea. Ni vyema kulisema hilo kwa maandishi, kwa dalali na kwa halmashauri pia.

Mtu anayegundua leo kwamba deni lake la zamani limeshafika kwa dalali aanze kwa kupiga simu halmashauri, kwa namba aliyoitafuta mwenyewe katika tovuti ya halmashauri hiyo, si iliyoandikwa kwenye barua, kwa kuwa matapeli nao huandika barua za vitisho. Aulize anwani ya nyumba inayodaiwa, kipindi kinachodaiwa kuanzia tarehe gani hadi gani, tarehe ya amri ya mahakama, na kiasi cha kodi yenyewe mbali na gharama. Maelezo hayo hulinganishwa na mkataba wa upangaji, tarehe za kukabidhi funguo na taarifa za benki. Mara nyingi hapo ndipo huonekana kwamba kipindi kimezidishwa, kwamba punguzo la asilimia 25 la anayeishi peke yake halikutolewa, au kwamba miezi ya masomo imetozwa. Punguzo la namna hiyo linaweza kuombwa kwa kipindi kilichopita, na deni likahesabiwa upya.

Anayebisha kwamba hakuwajibika kabisa huiandikia halmashauri kwanza. Isipokubali, au ikikaa miezi 2 bila kujibu, shauri hupelekwa katika baraza la rufaa za tathmini, ambako hakuna ada. Ambaye hakupata samansi kwa sababu ilikwenda kwenye nyumba aliyokwishahama anaweza kuomba amri ifutwe, mradi achukue hatua mara tu anapojua. Halmashauri yenyewe pia ina uwezo wa kuomba amri yake ifutwe inapoona imekosea, na njia hiyo ndiyo nyepesi. Malalamiko juu ya mwenendo wa dalali huanza kwenye kampuni yake na kwenye halmashauri iliyomtuma, kwa kuwa halmashauri hubaki kuwa mwenye deni na hujibu kwa matendo ya wakala wake. Kwa sababu hiyohiyo inaweza kulirudisha faili mikononi mwake ikitaka. Karani anayejibu kwamba suala limeshatoka halmashauri anaeleza desturi ya ofisi yake, si sheria.

Kama deni ni halali na fedha hazipo, jedwali la kweli la mapato na matumizi ndilo lenye nguvu. Ahadi ya paundi 60 inayotimizwa kila mwezi ni bora kuliko ya 200 itakayovunjika mwezi wa pili. Mashirika ya Citizens Advice, StepChange na National Debtline husaidia kuliandaa bila malipo. Tangu tarehe 4 Mei 2021, mshauri wa madeni katika England na Wales anaweza pia kumwombea mdaiwa siku 60 za kupumua, ambamo ada haziongezwi na madalali husimama. Deni halifutwi, ila mtu hupata muda wa kupanga. Halmashauri nayo ina mamlaka ya kisheria ya kupunguza au kufuta kodi ya mtu aliye katika dhiki. Haitangazi sana mamlaka hayo, hivyo lazima ombi liandikwe.

Wahamiaji wenye viza inayowakataza kupokea fedha za umma wanapaswa kuwa waangalifu hapa. Ile nafuu ya kodi inayotolewa kwa wenye kipato kidogo imo katika orodha ya fedha hizo, na kuiomba kunaweza kuhatarisha viza. Punguzo la anayeishi peke yake na msamaha wa wanafunzi havimo katika orodha hiyo, kwa hiyo huombwa bila hofu. Watu wengi wameacha haki zote kwa kuogopa moja, na wengine wameomba ile iliyokatazwa kwa kuelekezwa vibaya na marafiki.

Hofu ya kufungwa nayo ipewe kipimo chake. Katika England mahakimu wanaweza kumfunga mdaiwa hadi siku 90, lakini baada tu ya njia nyingine kushindwa na baada ya kuchunguza kama alikataa makusudi au alizembea kwa kiwango cha kulaumika. Asiye na uwezo hafungwi kihalali. Mwaka 2016 mama mmoja wa Porthcawl, Wales, alifungwa kwa deni la aina hii na kukaa gerezani siku 40, kisha Mahakama Kuu ikaamua mwaka 2017 kwamba kifungo kile hakikuwa halali. Wales iliondoa kabisa adhabu hiyo tarehe 1 Aprili 2019. England bado inayo, na haina sababu ya kuendelea kuishikilia. Scotland haina kifungo kwa deni hili, lakini huongeza asilimia 10 deni linapofika hatua ya hati ya mahakama, na deni lake huweza kudaiwa hadi miaka 20.

Anayehama leo anaweza kujikinga kwa barua pepe moja kwa halmashauri anayoiacha, yenye tarehe ya kuondoka na anwani mpya, akaomba bili ya kufunga hesabu na kuihifadhi pamoja na mkataba wake. Kama amelipa kupita kiasi, bili hiyo itamwonyesha kiasi anachostahili kurudishiwa, na fedha hizo nazo huombwa.